Kondoo Wasiofungwa Kamba

Mwanangu Aminieli,

Uliponitajia jina la mji unaokwenda kufanya kazi, nilikuwa nimeshika ndoo ya maziwa, nawe ukadhani nimeteleza. Sikuteleza, nilishtuka. Uingereza nzima ina hospitali, lakini wewe wamekupangia kule kule kaskazini, mwendo wa basi tu kutoka kwenye yale mabonde ambako mimi mama yako niliiba mtoto wa kondoo mchana kweupe. Maziwa yakamwagika, paka akala sikukuu, nami nikakudanganya kwamba ni magoti. Habari ya kondoo umeisikia vipande vipande, kwa sababu kila nilipoianza mlicheka kabla sijafika mwisho. Leo nataka uisikie yote.

Jioni hii uani kumejaa watu. Shangazi zako wanamenya ndizi, pombe ya mbege imeshafunguliwa, na nakusikia ukicheka na wenzako karibu na banda la ng'ombe. Nimejifungia chumbani nikisingizia kichwa kinauma. Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya kula vizuri dada yako amekuimbia wiki nzima, mimi sitayagusa. Nitaisukuma barua hii ndani ya begi lako uisome ukiwa angani. Ninaandika kwa sababu ya baba yako mkubwa.

Leo mchana, ulipokwenda kumuaga mchungaji, shemeji alikuja ameshika majani mawili ya sale aliyoyakata mpakani mwa kihamba chetu hiki cha migomba. Unajua kwetu sale haishikwi ovyo. Ndiyo tunayopandia mipaka na makaburi, na anayekuletea jani lake kukuomba msamaha humkatalii. Aliyaweka juu ya meza, akakataa kukaa.

"Mama Elinami," akasema, "huyu ni kitinda mimba. Nyumba hii ni yake, na kaburi la mdogo wangu ni lake kulitunza. Wewe umewahi kuona wapi kitinda mimba akapanda ndege?"

"Shemeji, si anakwenda kazini?"

"Hata kaka yake Elinami alikwenda kazini. Yuko wapi? Kesho kabla gari halijafika, huyu atasimama kaburini kwa baba yake, ashike hii sale, aape kwamba mkataba ukiisha anarudi kukaa hapa. Asipoapa, baraka yangu asahau."

Jambo lenyewe si geni, maana tangu zamani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, hakuna asiyejua. Kilichonishtua ni jinsi moyo wangu ulivyosema ndiyo haraka. Nilitaka uape. Nilitaka uape kwa sauti kubwa mbele ya ukoo mzima, halafu mimi nilale usingizi wangu. Nikanyamaza, na shemeji akachukua kunyamaza kwangu kuwa nimekubali. Tangu mchana ninayatazama haya majani mezani, na kila nikiyatazama ninawaona wale kondoo.

Nilipokwenda Uingereza wewe ulikuwa darasa la pili. Ilikuwa ile miaka kahawa ilipokosa bei, watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, na mitumba ikajaa Moshi mjini. Mwalimu Joan, aliyenifundisha kushona nilipokuwa msichana wa shule ya misheni, alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Mume wake alikuwa amefariki, na wangu hali kadhalika, tukawa tunaandikiana habari za ujane. Ndipo akanitumia tiketi nikamtembelee. Nilikuacha kwa bibi yako na ukalia mpaka ukatapika, hilo silisahau. Koti la baridi nililipata kwenye mitumba. Joan aliponipokea uwanja wa ndege alilifunua kola, akacheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu ndani palikuwa na jina la duka la mjini kwao. Koti lilikuwa limekuja kwetu na sasa linarudi, limesafiri kuliko mimi.

Siku ya pili akaniambia twende tukatembee. Nikavaa gauni la kanisani, nikafunga kahawa kwenye karatasi ya kumpelekea mwenyeji wetu, yeyote atakayekuwa. Tukaendesha gari hadi mwisho wa barabara, akaliacha kando, tukaanza kupanda kwa miguu. Mwanangu, mabonde yale ni ya kijani mpaka macho yanauma. Kuta za mawe zimepangwa bila saruji wala udongo, zinapanda mlima moja kwa moja hadi usipoona tena. Chini kuna kijiji, nyumba za mawe, kanisa la mawe, daraja dogo la mawe, na watu huwaoni. Nikauliza, "Mwalimu, tunakwenda kwa nani?"

"Si kwa mtu," akajibu kwa Kiswahili chake cha misheni. "Tunazunguka, halafu tunarudi kwenye gari."

"Tunarudi pale pale tulipotoka?"

"Ndiyo."

"Na huko juu tunachukua nini?"

"Hatuchukui kitu, Elieshi. Tunaangalia."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Tangu nipate akili sijawahi kupanda mlima mikono mitupu. Majani ya ng'ombe nimeyabeba kichwani, ndizi nimezibeba, mabua tunayoyanunua kule chini Mabogini nimeyapokea barabarani na kuyapandisha mpaka nyumbani. Siku ile shingo ilikuwa nyepesi mno, nikawa nageuka nyuma kila mara nikihisi nimesahau kitu. Nikamwomba Joan nimbebee mfuko wake, akakataa. Mwishowe niliokota jiwe, jiwe la bure tu, nikalibeba kwa siri chini ya mkono, ndipo nikapata kutembea sawasawa.

Tena njia yenyewe inakatisha ndani ya mashamba ya watu! Unafungua geti la mtu, unapita karibu na dirisha la jikoni kwake, unafunga geti, unakwenda zako. Mimi kwenye geti la kwanza nilipaza sauti, "Hodi!" Mama mmoja akatoa kichwa dirishani, mswaki mdomoni, akatutazama kana kwamba nyumba inaungua. Joan akaniomba nisirudie. Kwetu ukikatisha kihamba cha mtu bila kuita utaulizwa umefuata nini, na utakuwa umestahili kuulizwa. Kule ni haki ya kila mtu kupita, na mwenye shamba hana la kusema. Nikafikiria baba yako mkubwa angekuwa na shamba kule, presha ingemmaliza mwezi wa kwanza.

Tulipozivuka kuta za mwisho, miti ikaisha. Sikuwahi kuona nchi ya namna ile. Ardhi nyeusi inayobonyea ukiikanyaga, magugu mafupi magumu ya kahawia hadi macho yanapochoka, upepo, na mawingu yanayopita usawa wa kichwa. Joan akasema, "Hii ni kama kwenu, juu ya msitu, kule wapagazi wanakopita."

Nikasimama. Baba yako alipanda huko miaka yote ya ujana wake na mizigo ya wageni, na kila aliporudi alinieleza kwamba juu ya msitu kuna nchi isiyo na mti hata mmoja, ardhi inabonyea, mawingu yanapita usoni. Mimi nilimwambia apunguze mbege. Nimezaliwa chini ya mlima ule, nimezeeka chini yake, na ilibidi nipande ndege kwenda Uingereza ndipo nijue kwamba mume wangu alikuwa anasema kweli. Nililia pale pale. Joan akadhani ni upepo, nami nikamwacha adhani.

Lakini kilichonishtua kuliko vyote ni kondoo. Walikuwa wamezagaa mlimani peke yao. Hakuna mchungaji, hakuna kamba, hakuna hata uzio kwa upande ule wa juu. Wewe umekulia nyumba ambayo ng'ombe analetewa majani na maji miguuni, anazaliwa bandani na anazeekea bandani. Kondoo wa ndafu, wa kubanikwa mzima kwenye sherehe, tunamnenepesha ndani, mlango umefungwa. Mnyama akionekana njiani peke yake, ama ametoroka ama ameibwa, na mtu mwenye adabu humshika akampeleka kwa balozi wa nyumba kumi atangaze. Nilimuuliza Joan hawa ni wa nani. Akasema wana wenyewe, nisiwe na wasiwasi. Nilikubali kwa mdomo tu.

Wiki iliyofuata tulipanda tena, na ukungu ukatukuta juu. Joan alikuwa mbele, kofia ya koti lake la mvua imemfunika masikio. Mimi nilikuwa nyuma nikipambana na tope, na ndipo nilipomwona mwanakondoo. Alikuwa amelala kando ya jiwe kubwa, karibu na kijito, mdogo kabisa, ameloa. Mama yake hayupo. Niliita, nikangoja, nikatazama huku na huku, ukungu tu. Mtoto mwenyewe hakulia, alinikodolea macho. Basi akili yangu ikanitungia habari yote papo hapo: mwizi amepita, amewachukua wakubwa, huyu kamtupa. Kondoo wakubwa kukaa peke yao nilishakubali, lakini mtoto mchanga? Hata Wazungu wasingemfanyia mtoto hivyo.

Nilikuwa na kanga ndani ya koti kwa ajili ya baridi. Nikamfunga mgongoni kama nilivyokuwa nakufunga wewe, nikavaa koti juu yake, nikaendelea na safari. Akatulia, akalala. Sitakuficha, nilifurahi. Nilijiambia sitamwambia Joan mpaka tufike, aone kwamba mgeni wake naye ana faida. Na kwa kuwa hatimaye nilikuwa na mzigo, nilitembea vizuri kuliko siku zote.

Tukashuka upande wa pili hadi kijiji kingine, tukaingia nyumba ya kuuzia chai. Ndani palikuwa na watembezi wenzetu, viatu vyao vya tope mlangoni. Nikavua koti, nikafungua kanga, nikamweka mwanakondoo sakafuni mbele ya watu wote. "Mwalimu," nikasema, "nimemwokota. Mwambie mwenye nyumba atuitie balozi wao."

Mtu mmoja alikuwa anainua kikombe, kikabaki hewani. Joan alinitazama, akamtazama mwanakondoo, rangi yote ikamtoka usoni.

"Elieshi, umemtoa wapi?"

"Juu, kwenye ukungu. Amepotea."

"Hakupotea," akasema. "Mungu wangu, hakupotea. Mama yake alikuwa anakula hapo jirani. Huwaacha hivyo walale, kisha huwarudia."

"Ruwa, Mwenyezi!" nikasema, nikajikuta nimekaa chini. Mwanangu, nimefiwa, nimepata habari mbaya za kila aina maishani, lakini sikuwahi kushtuka namna ile. Habari mbaya inakukuta umekaa. Hii nilikuwa nimeibeba mwenyewe mgongoni, nikiimba.

Yule mama wa chai akamgeuza mwanakondoo, akaona alama ya rangi nyekundu ubavuni, akapiga simu. Akaja mzee mrefu aitwaye Alan na mbwa wake. Nilijiandaa kwa matusi na sikuwa na nia ya kujitetea. Hakutukana. Alisema neno moja tu na Joan akalitafsiri: "Wapi?"

Hapa kwetu naweza kumwelekeza mtu hadi mlangoni kwa migomba tu, huu wa mtori, huu wa mbege, pinda kulia penye mfereji. Kule juu sikuwa na hata mti mmoja wa kuutaja. Nikasema palikuwa na jiwe kubwa na kijito. Joan alipotafsiri, wale watu wakatazama chini, maana mlima ule hauna kitu kingine ila mawe makubwa na vijito. Alan akaitazama tena ile alama, akamchunguza mtoto uso na miguu, akasema twende, anafikiri anamjua mama yake anakaa upande gani. Nilijiuliza anajuaje, na hakuna uzio.

Tukapanda tena, safari hii kwa haraka, mvua inatupiga. Alan alimweka mwanakondoo ndani ya koti lake mwenyewe. Mimi sikuthubutu hata kumtazama. Moyoni nilikuwa nikiomba kitu kimoja tu, tumkute mama yake.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Sauti ilikuwa imemkauka, imebaki mkwaruzo. Alikuwa pale pale kwenye jiwe langu. Muda wote ule tuliposhuka, tulipokunywa chai, tulipopanda, hakuondoka. Alikuwa amezunguka mahali pamoja mpaka magugu yamegeuka tope. Nilishika mkono wa Joan nikaubana, akavumilia.

Alan akamweka mtoto chini. Mtoto akakimbia, mama akakimbia, nikasema moyoni asante Ruwa, yamekwisha. Yule mama akamnusa, akasimama. Akamnusa tena. Kisha akainamisha kichwa akampiga kikumbo, mwanakondoo akabingirika kwenye tope. Akainuka akarudi, akapigwa tena.

Nilipiga kelele. Joan akaniambia polepole, "Ananusa harufu yako." Kanga yangu ilikuwa na moshi wa jiko letu hili hili, na mafuta yangu, na jasho langu. Kwa pua ya mama yake, mtoto yule alikuwa wangu. Mama alisimama pale sauti imemkauka kwa kumlilia mtoto, na mtoto yuko mbele yake, na hamtaki. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, na nilifanya kwa mapenzi.

Alan akamtuma mbwa, yule mama akakamatwa. Mzee akanipa ishara nimshike. Nilimbana shingo na mguu kama ninavyombana ng'ombe wetu akikataa kukamuliwa, na hilo angalau nililiweza. Alan akamwosha mtoto kijitoni, akamsugua kwa magugu, kisha akamkamua mama yake na kumpaka mtoto maziwa yale mgongoni na mkiani. Kisha akaniashiria nimwachie. Tukarudi nyuma, tukasimama upande upepo unakokwenda ili harufu zetu zisiwafikie. Yule mama akamnusa mtoto kichwani, akanusa mgongo, akakaa muda mrefu mkiani. Mtoto akajipenyeza chini, akashika chuchu, kile kimkia kikaanza kucheza.

Nikalia kwa sauti. Alan akatazama pembeni kwa heshima.

Tulipokuwa tunashuka nilimwambia Joan amuulize, "Huyu kondoo hana kamba. Kwa nini hakwenda popote?" Alan akaeleza huku anatembea, na Joan akinipa kidogo kidogo. Akasema kila kondoo jike pale ana sehemu yake ya mlima, na hakuna aliyemwekea mpaka. Alipokuwa mdogo alimfuata mama yake kunyonya, na katika kumfuata akajua pa kujikinga upepo, pa kunywa maji, pa kutokanyaga. Akikua anakaa hapo hapo. Na yeye anamzungusha mtoto wake vivyo hivyo, ndivyo ilivyokuwa tangu babu zake Alan. Nikauliza ingekuwaje kama asingempokea. Akasema wangemlea chini kwa chupa na angenenepa vizuri tu, ila ukimwachia mlimani asingejua kwake ni wapi.

"Na hao wanaojua," nikauliza, "wote hukaa?"

"Hapana," akasema. "Wengine hupotea kweli. Haiwi sawa kila mwaka."

Njia nzima hadi nyumbani kwa Joan, usidhani nilikuwa namfikiria kondoo. Nilikuwa namfikiria kaka yako.

Elinami alipokuwa anaondoka kwenda Dar, baba yenu alikuwa hana hata mwaka kaburini. Shemeji alisema aape, nami nikaenda mwenyewe kukata sale. Nilimshikisha kwa mkono wangu huu. Aliapa kwamba kila Desemba atakuja. Na miaka ya mwanzo alikuja, unamkumbuka, na mikate yake na soda, Krismasi nzima nyumba ina kelele. Kisha mwaka mmoja kazi ikamshika. Mimi sikumlaumu kwa neno hata moja. Niliacha tu kumwandikia mpaka Pasaka, nikiamini huo ndio upole. Desemba iliyofuata hakuja, wala nyingine. Anatuma vitu kwa basi, yeye mwenyewe hajileti.

Tulipokutana kwenye harusi ya dada yako kule Dar, nilimvuta pembeni nikamuuliza nimemkosea nini. Akaniambia, "Mama, mimi napapenda nyumbani. Ila nikiwaza kuja, kitu cha kwanza ninachokiona ni lile jani. Naanza kutafuta la kujitetea, sipati, naahirisha." Mtu mzima wa watu, ana ndevu, na anasema hivyo machozi yanamlengalenga. Nilishtuka kuliko siku ya kondoo. Nilikuwa nimemfunga ili arudi, na kile nilichomfungia ndicho kilichomzuia kurudi. Shemeji sijawahi kumwambia. Nilisema mzee ataumia, lakini ukweli ni kwamba niliona haya.

Sasa zamu yako imefika, na ninaogopa, Aminieli. Naogopa sana. Naogopa utazoea, utaoa kule, utakuja siku moja tu, siku ya kunizika, na utamuuliza jirani njia ya mkato kutoka barabarani. Naogopa nyumba hii kukaa bila moto. Jana nilikuona unatembeza mkono juu ya ukuta wa banda, polepole, nikakimbilia jikoni ili usione uso wangu. Usinione nimekaa hapa naandika habari za kondoo ukadhani nina moyo wa chuma.

Ila nilikuzungusha kihamba hiki tangu ukiwa mgongoni kwangu. Ulijua kufungulia mfereji wa maji kabla hujajua kusoma. Ulimfuata baba yako kila alikokwenda, na alipofariki ukanifuata mimi, kunishikia panga, kuniuliza maswali mpaka nikakufukuza. Yote tuliyokuwa nayo ya kukuonyesha, tumekuonyesha. Sijui kama yanatosha. Nimejaribu jioni nzima kujiambia kwamba yanatosha, na bado sijui.

Siku ukipata mapumziko, panda kule juu. Usichukue mzigo, na mwenzako akikuuliza mnakwenda kwa nani, mcheke kwa niaba yangu. Utakapofika palipoisha miti, simama kidogo, baba yako alipita nchi ya namna hiyo maisha yake yote na mkewe hakumwamini. Na ukimkuta mwanakondoo amelala peke yake, mpite.

Nilikuwa nimepanga kesho asubuhi nikuambie kwamba shemeji akikuita kaburini, uende kwa heshima, umwage mbege kidogo, umuage baba yako kwa maneno yako mwenyewe. Na akinyoosha mkono wenye sale usimjibu, kwa sababu mtoto hajibizani na baba yake mkubwa mbele za watu. Nilikuwa nimepanga niyapokee mimi yale majani, niseme mtoto huyu haapi, nyumba nitaikaa mimi mpaka atakapokuja, kama atakuja. Najua atasema mwanamke ameingilia mambo ya ukoo. Huenda asinisalimie mwaka mzima, na yeye ndiye anayenisaidia kila kahawa ikiiva. Si rahisi kuuandika mstari huo, maana mchana huu huu nilikuwa nataka uape.

Ukikosa Desemba, njoo Machi. Ukikosa miaka mitano, njoo wa sita. Usikae huko ukitafuta maneno ya kuniambia, sitaki maelezo, nataka kukuona. Na ukiona kwako pamekuwa kule, niambie mapema kwa mdomo wako, nitalia, kisha nitakuja kukutembelea na koti langu.

Nasikia shemeji huko uani anauliza Mama Elinami yuko wapi, watu wote wamekaa. Nikingoja kesho nitaogopa. Ninainuka sasa hivi kumrudishia majani yake mbele yao wote, na habari ya Elinami nitamwambia hapo hapo, yote. Kwa hiyo utakapoisoma barua hii utakuwa umeshajua zile kelele za jana zilikuwa za nini, na kwa nini mama yako alitoka chumbani bila viatu.

Ni mimi mama yako,
Elieshi